Anayekagua duka lako mtandaoni anaangalia nini?

Wauzaji wenzangu, ukikataliwa kuorodheshwa usikimbilie kulaumu mtandao. Zamani kulikuwa na DMOZ, orodha kubwa ya tovuti iliyoanza 1998 ikafungwa 2017. Wakaguzi wake walikuwa watu wa kujitolea. Walitaka tovuti iliyokamilika, yenye maelezo yake, siyo ya kunakili. Ukijisifia "bora kuliko wote" wanafuta, wanabakiza unauza nini na uko wapi basi.

Leo tunahangaika na Google Maps, na mambo ni yale yale. Jina liwe lililoko kwenye bango. Kama bango linasema "Duka la Neema", usiongeze "parachichi bei poa Tukuyu Mbeya", utafungiwa, na msafiri wa Kyela anayetafuta parachichi kwenye simu atakupita hapo hapo Kyimo. Wakitaka video, piga moja bila kukata: barabara, bango, bidhaa, halafu fungua mlango kwa ufunguo wako waone ni kwako kweli.

Na wewe wa WhatsApp tu, usiyekutana na mteja kabisa? Huko hukubaliwi. Ila kama unampelekea mzigo mwenyewe unaruhusiwa: ficha anwani ya nyumbani, taja maeneo unayofika.