Je, Wajua? Ua Hunenepa kwa Kukatwa

Je, wajua kwamba ua wa kayaba katika mitaa ya Nairobi hushikamana hadi paka asipite kwa sababu ya kukatwa ncha?

Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini. Homoni hii huteremka shinani na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Mwaka 1933, Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata ncha za miche ya maharagwe nchini Marekani, wakapaka auksini kwenye jeraha. Macho yakaendelea kulala kana kwamba ncha ingalipo.

Mtunza bustani anapopitisha makasi, auksini hupungua, sukari na homoni za saitokinini huyafikia macho, na chini tu ya mkato tawi moja huzaa mawili au zaidi.



Ukipanda ua, usingoje ufike kifuani. Anza kuukata ncha ungali mfupi, la sivyo utabaki wazi chini, na kuku wa jirani watapita watakavyo.