Usipige mluzi usiku! Miiko ya utotoni na lugha tuliyojifunza kwayo

JUZI stima ilipotea mtaani kwetu mwendo wa saa moja jioni. Kufikia saa tatu simu zote nyumbani zilikuwa zimezima. Binti yangu na binamu zake wawili walikaa sebuleni wakiukodolea mshumaa macho kana kwamba ungeanza kuonyesha katuni. Kwa kukosa la kufanya, binti yangu akaanza kupiga mluzi.

“Wewe! Usipige mluzi usiku, utaita nyoka!” nilimaka kabla sijafikiri.

“Lakini Baba, nyoka si hana masikio? Mwalimu alituambia.”

Nikakosa jibu. Kweli, nyoka hana masikio ya nje kama yetu. Mimi, mtu mzima na mpenzi wa lugha, nilikuwa nimerudia neno kwa neno onyo la marehemu nyanya yangu bila kujiuliza hata siku moja lilikuwa na maana gani.

Nilikulia viungani mwa Kitale, kwenye mashamba waliyoishi watu wa jamii mbalimbali. Nyumbani kila mmoja alisema lugha ya mama. Uwanjani sote tulisema Kiswahili. Tulicheza kati kwa mpira wa matambara, tukaruka bladda, tukajificha katika brikicho, na kwenye kalongolongo tukasonga ugali wa matope na kuusifu kwamba umeiva. Katika mchezo wa nyama nyama, kiongozi alitaja wanyama harakaharaka. Anayeliwa unaruka, asiyeliwa unatulia. Ole wako uliyemrukia fisi! Ungechekwa hadi jua litue.

Uwanjani humo ndimo tulimobadilishana miiko. Onyo nililopewa na nyanya kwa lugha yetu nililipeleka kwa wenzangu kwa Kiswahili, nikakuta jirani naye analo, tofauti ikiwa ndogo tu. Tuseme kweli, neno lenyewe ‘mwiko’ lina maana mbili: kijiko kikubwa cha mti cha kusongea ugali, na jambo lililokatazwa. Nyanya alitumia ule wa kwanza kuwakumbusha waliovunja ule wa pili.

Sasa tazama umbo la maonyo hayo. Ukimeza mbegu ya chungwa, mti utaota tumboni. Ukimruka mtoto aliyelala, hatakua. Ukilionyesha kaburi kwa kidole, kidole kitaoza. Sharti linabebwa na -ki-, tokeo linabebwa na -ta-, au -ta- hiyo hiyo ikitanguliwa na ha- ya ukanushi. Muda mrefu kabla mwalimu hajatuandikia sentensi za masharti ubaoni, tulikuwa tumeshazimeza pamoja na mbegu. Mimi nilimeza moja kwelikweli. Kwa wiki nzima nilikuwa nikijipapasa masikioni kila asubuhi kuona kama majani yameanza kuchomoza.

Kinachokosekana katika sentensi hizo ni sababu. ‘Usikae kizingitini’ lilikuwa onyo la busara, maana mama alipita hapo na sufuria ya moto. ‘Usikalie kinu’ lilikuwa suala la usafi wa chakula. Lakini mtoto wa miaka sita haogopi uchafu, anaogopa balaa. Kwa hiyo wazee waliificha sababu na kuweka kitisho mahali pake. Hata huyo nyoka, katika nyumba nyingi, hakutajwa jina usiku. Aliitwa kamba. Wanaisimu huiita mbinu hii tafsida: kulikwepa neno la kutisha kwa neno la upole. Sisi tuliiita kujihadhari.

Imani nyingine tulijitungia wenyewe, na hizo hazikuwa na busara hata chembe. Tukichelewa shuleni tulifunga fundo kwenye nyasi kando ya njia ili mwalimu asahau kutuchapa. Alikumbuka daima. Ndege weupe wale, yangeyange, wakipita angani tuliwanyoshea kucha watupe madoa meupe. Madoa hayo aghalabu hutokana na ukucha kugongwa, na kwa jinsi tulivyocheza, hatukuyakosa.

Halafu kulikuwa na redio. Tuliamini kwamba Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Je, Huu ni Ungwana?, alikuwa kijitu kidogo kinachoishi ndani ya redio ya baba. Mawe ya redio yalipoisha nguvu na sauti yake kufifia, tukajua ni njaa. Binamu yangu alileta kisu cha jikoni, mimi nikaleta tonge la ugali. Tuliifungua, tukakuta nyaya. Ugali tuliuacha humo, asije akarudi akakosa chakula. Mama alipoigundua ile maiti ya redio, alituuliza swali moja tu: “Na huu nao ni ungwana?” Kisha mwiko ukafanya kazi yake.

Hata hivyo, si miiko yote iliyokuwa ya kuchekesha. Katika jamii nyingi za Waluhya, zamani wanawake walikatazwa kula kuku, na firigisi ikawa haki ya mwenye nyumba. Kwetu tuliambiwa msichana akila mayai atapata balaa. Dada yangu ndiye aliyeyaokota kila jioni, akayachemsha, akatuwekea sisi wavulana mezani. Hakuwahi kuonja. Na sentensi iliyomnyima ilikuwa na umbo lile lile la -ki- na -ta-, na sababu imefichwa vile vile. Ile ya kizingiti ilimlinda mtoto. Hii ililinda sahani ya mwanamume. Sarufi haiwezi kukutenganishia hizo mbili. Ni lazima uulize.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka imani hizi zote zitupwe kwa kuwa ni za kijinga, wala na wanaotaka zirejeshwe zote kwa kuwa ni utamaduni. Ziandikwe. Kaa na mzazi wako, mwulize aliambiwa asifanye nini, kisha mwulize kitisho hicho kilimlinda nani. Wenye majibu wanazidi kupungua, na maneno yanaondoka nao. Nilipowauliza watoto wale watatu yangeyange ni nini, mmoja alidhani ni kikundi cha muziki.

Stima ilirudi saa nne na simu zikapata wenyewe. Lakini kabla ya kulala binti yangu aliniuliza kwa sauti ya chini, “Baba, na yule kamba, hajaja?”

Nilimwambia hajaja. Kesho yake nilichelewa kazini, na nakiri kwamba nilipopita penye nyasi ndefu kando ya barabara, mkono uliniwasha.