Nembo na Hataza katika Michezo: Maana Yake kwa Watu wa Tarime na Serengeti

Mnamo tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Ombi la nchi hizo tatu lilipewa jina la neno moja la Kiswahili, Pamoja. Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ziko mbali na viwanja vya Dar es Salaam na Unguja, lakini zinahusika na jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Sirari, mji wa mpakani ulio katika Tarime, ambako bidhaa za kila namna huvuka kwenda Kenya na kutoka Kenya. Ya pili ni jina la Serengeti lenyewe, ambalo huitwa nalo timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, yaani Serengeti Boys. Basi yafaa ifahamike ni kitu gani katika mchezo chaweza kumilikiwa, na ni kitu gani kisichoweza.

Hapana budi kuanza na maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi, kwa muda maalumu, ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila idhini yake. Alama ya biashara ni ishara inayotofautisha bidhaa za mtu mmoja na za mwingine. Neno nembo, ambalo siku hizi hutumika kwa ishara ya timu au ya kampuni, zamani lilikuwa na maana ya chale za mwilini zilizoonyesha kabila la mtu. Maana hiyo ya kale yasaidia kuifahamu maana mpya, kwa kuwa nembo haielezi kitu kimetengenezwaje, bali huonyesha chatoka kwa nani. Mfugaji wa Kikurya ataielewa tofauti hii upesi. Chapa iliyo juu ya ngozi ya ng'ombe haimkatazi jirani kufuga ng'ombe. Yamkataza tu kudai kuwa ng'ombe yule ni wake.

Vifaa vingi vya mpira wa miguu vilianza kwa hataza. Mwaka wa 1844 Charles Goodyear alipata hataza Marekani kwa njia ya kuuimarisha mpira wa utomvu kwa salfa na moto, usiyeyuke kwa joto wala kupasuka kwa baridi. Mwaka wa 1890 John Alexander Brodie, mhandisi wa Liverpool, alipata hataza ya wavu wa goli, ambao ulimaliza ubishi kama mpira umepita ndani ya miimo au nje yake. Mkanada Ron Foxcroft, aliyekuwa mwamuzi wa mpira wa kikapu, alitoa mwaka wa 1987 filimbi isiyo na kipira ndani, ambayo haikwami inapopulizwa kwa nguvu. Mbrazili Heine Allemagne alipata hataza ya povu linalotoweka, ambalo waamuzi walilitumia katika Kombe la Dunia la 2014 kuweka mpaka wa ukuta wa wachezaji; baadaye alilishtaki shirikisho la FIFA, akidai kuwa hakulipwa haki yake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hataza ina mwisho, ambao katika mataifa mengi ni miaka 20. Hataza ya Brodie ilikwisha zamani, na kijana wa Mugumu anayefuma wavu wa goli kwa kamba hana deni kwa mtu yeyote. Hayo ndiyo mapatano yaliyomo katika hataza: mvumbuzi hufichua siri yake, naye hulipwa kwa muda, kisha ujuzi huo huwa wa watu wote.

Alama ya biashara haiko hivyo. Katika Tanzania Bara husajiliwa na BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kwa sheria ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, bila kikomo. Usajili huo haufiki Zanzibar, yenye sheria yake na ofisi yake. Aidha, mwenye alama hapewi neno zima. Hupewa neno hilo kwa aina fulani ya bidhaa. Mapatano ya Nice ya mwaka 1957 yamezaa mpangilio ambao leo una makundi 45 ya bidhaa na huduma: nguo zimo katika kundi la 25, vifaa vya michezo katika la 28, na bia katika la 32.

Ndiyo maana jina Serengeti limeweza kuwa mali ya wengi kwa wakati mmoja. Limo katika bia ya Tanzania, na limo katika miwani ya jua iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1985. Jina lenyewe huelezwa kuwa latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya uwanda usio na mwisho, hali wakazi wengi wa wilaya hiyo husema Kikurya, Kingoreme, Kiikoma na Kinata. Jina lilikwisha kusafiri kabla wafanyabiashara hawajalichukua.

Je, neno la kawaida la lugha laweza kutwaliwa na kampuni? Kampuni ya Disney iliomba mwaka wa 1994 kusajili Marekani maneno Hakuna Matata kwa ajili ya fulana, na usajili ukakamilika mwaka wa 2003. Mwaka wa 2018 watu wengi walitia saini ombi la kuupinga. Usajili huo haumkatazi mtu kuyatamka maneno hayo, lakini wamtia mashakani mshonaji wa Afrika Mashariki apelekaye huko fulana zilizoandikwa lugha yake mwenyewe. Jambo la kikoi lilikwenda vingine: kampuni moja iliomba kulisajili jina hilo Uingereza, ikapingwa na watetezi wa wafumaji wa Kenya, na mwaka wa 2008 ombi likaachwa. Tofauti ya mambo haya mawili ni kwamba katika la pili pingamizi liliwasilishwa mapema, ombi lilipokuwa bado halijapitishwa. Alama iombwapo hutangazwa kwanza, ili mwenye hoja aitoe. Asiyesoma matangazo hayo huja kujua baadaye, wakati kuifuta alama kumekuwa kazi ndefu yenye gharama.

Kwa fundi cherehani wa Tarime, basi, mpaka ni huu. Aweza kushona fulana za rangi za bendera ya Taifa, akaandika jina la mji wake au neno pamoja kwa maana yake ya kila siku. Hawezi kubandika nembo ya mashindano, ya shirikisho au ya mtengenezaji wa jezi pasipo idhini. Bidhaa bandia husimamiwa na Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na zaweza kukamatwa na kuteketezwa; hasara humwangukia aliyezinunua Sirari kwa mtaji mdogo kama imwangukiavyo mwenye ghala. Na mwenye kubuni kifaa kipya yampasa apeleke maombi yake kwanza, ndipo akionyeshe sokoni; kwa maana uvumbuzi uliokwisha kujulikana waweza kukosa hataza, hata kama aliyeubuni ni yeye.

Njia ya usajili iko wazi kwa mtu wa Mugumu kama ilivyo kwa kampuni ya ng'ambo. Kikundi cha washonaji chenye jina lake na ishara yake chaweza kuvisajili katika kundi la 25 kabla ya msimu wa mashindano, na kuuza kwa jina lake chenyewe kazi ambayo vinginevyo ingeuzwa kwa jina la wengine.