NI NANI ALIYEUFUNGUA UKUTA WA BERLIN?

Wanafunzi wenzangu, wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwalimu wetu wa Historia alipotuuliza swali hilo hapo juu, nusu ya darasa tulipaaza sauti, "Gorbachev!" Mwalimu akacheka tu. Basi nikaenda maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Ukuta huo ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961 na serikali ya Ujerumani Mashariki, ili wananchi wake wasitorokee Magharibi. Baadhi ya waliojaribu kuuvuka walipigwa risasi wakafa.

Kufikia mwaka wa 1989 maji yalikuwa yamezidi unga. Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Sovieti tangu 1985, hakutaka tena kutuma majeshi kuwalinda viongozi wenzake dhidi ya raia wao. Tarehe 9 Oktoba watu wapatao 70,000 waliandamana mjini Leipzig, na askari hawakufyatua risasi. Siku 9 baadaye Erich Honecker, aliyekuwa ametawala miaka 18, aling'olewa, na Egon Krenz akashika usukani.

Serikali ya Krenz ikakubali kulegeza masharti ya usafiri. Nia yao ilikuwa watu waanze kuomba vibali kesho yake, pole pole, kwa utaratibu. Jioni ya tarehe 9 Novemba, Günter Schabowski alipewa karatasi awasomee waandishi wa habari. Alipoulizwa sheria hiyo inaanza lini, jamaa akapekuapekua karatasi zake, akajibu kuwa kwa ajuavyo yeye, ni mara moja!

Lo! Maji yakimwagika hayazoleki. Habari zikatangazwa kwenye redio na televisheni, watu wakamiminika ukutani. Walinzi hawakuwa na amri yoyote mpya. Katika kituo cha Bornholmer Straße umati uliwazidi, wakafungua lango kabla ya saa sita usiku. Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani ikawa nchi moja tena.

Sasa tujibu nini? Ni kweli ulimi wa Schabowski uliteleza, na Gorbachev naye aliwazuia askari wake. Lakini kama wale wa Leipzig wangekaa nyumbani kwa woga, hakungekuwa na karatasi ya kusomwa. Kwa hivyo, tunapokariri majina ya wakubwa na tarehe zao, tusiwasahau waliosimama langoni wakipiga hodi. Mwalimu, hilo ndilo jibu langu. Naomba alama zangu!