Mto wa Saa Moja, Ziwa la Miaka Mitatu

Kiangazi Mto Mirongo ni mkondo mwembamba unaokatiza jijini Mwanza kuelekea Ziwa Victoria. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mkondo huohuo hufurika kabla wakazi wa kata ya Mabatini hawajapata muda wa kuhamisha magodoro.

Chanzo ni jiwe. Milima ya Mwanza ni ya granaiti, na granaiti hainywi maji. Udongo kidogo uliokuwa ukiyapunguza kasi sasa umefunikwa na nyumba, mabati na saruji. Maji hushuka na mchanga na taka, huziba makalavati, kisha hutafuta njia milangoni mwa watu.

Saa za mvua nazo huongeza hatari. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa. Pepo za pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya radi hujengeka hadi alfajiri, watu wakiwa wamelala. Hata mbali na ziwa, usiku umeua: Machi 2015, kijijini Mwakata, Kahama, mvua ya mawe na mafuriko vilibomoa nyumba za tope, na zaidi ya watu 40 wakafariki.

Ziwa lenyewe hufurika kwa mwendo mwingine kabisa. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia humo ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na njia ya kutokea ni moja tu: Nile, kule Jinja, Uganda. Mvua za mwishoni mwa 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, zilianza kulijaza. Kufikia Mei 1964 lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 likashuka hadi kina ambacho hakikuonekana kwa takriban miaka 80. Mei 2020 likarudi kwenye kimo cha 1964, na Mei 2024 likakipita.

Mafuriko haya mawili hukutana mdomoni mwa Mirongo. Ziwa likiwa juu, mto hukosa mteremko wa kumwagia. Maji yake hupungua mwendo, huacha mchanga, hurudi nyuma. Mvua ambayo mwaka 2006 ingepita salama, mwaka 2024 inaweza kuingia sebuleni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini ufukwe upi? Aliyepima mita zake wakati ziwa limeshuka alijenga mahali ambapo maji yalishawahi kufika. Kipimo cha haki kwa wanunuzi wa viwanja ni alama ya juu kabisa ya maji, na halmashauri zinaweza kuichora kwenye ramani kabla kibali cha ujenzi hakijatolewa.