Bei ya sauti: namna ya kuhesabu kazi ya studio ya nyumbani

Katika Kasongo na Kabambare, anayetaka kurekodi wimbo, tangazo la duka au hadithi ya babu yake humwendea kijana mwenye kompyuta, mikro moja na chumba kilichozibwa kwa magodoro na mablanketi. Kijana huyo hakusomea ufundi wa sauti; alijifunza kwa kufanya. Kinachomsumbua ni bei. Akitaja kubwa, mteja anaondoka. Akitaja ndogo, siku betri inapokufa hana cha kununulia nyingine. Jambo hili linatugusa sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika, kwa kuwa sisi pia ni wateja wake, na mara nyingi ni wateja tunaotaka kulipa kwa neno la asante.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kingwana, kitenzi "kukamata" kina maana ya kuchukua, hivyo mtu akisema anakwenda "kukamata sauti" husikika kana kwamba kazi yote ni kuichukua sauti na kuondoka nayo. "Kurekodi" nalo linafanya vivyo hivyo. Neno moja linafunika kazi nne au tano: kutayarisha chumba, kuchukua sauti, kuchagua vipande vizuri, kusafisha na kuchanganya, kisha kusahihisha baada ya mteja kusikiliza. Mteja anaona ile ya pili tu. Wimbo ni wa dakika 4, basi anadhani amenunua dakika 4. Bei ya haki huanza pale kila kazi inapotajwa kwa jina lake na kupewa saa zake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuchukue mfano wa kubuni. Vifaa vyote vimegharimu dola 540, na mwenyewe anatarajia vitadumu miaka 3, yaani miezi 36. Hiyo ni dola 15 kwa mwezi. Mafuta ya jenereta na matunzo ya betri ya jua yanakula dola 15 nyingine. Jumla ni dola 30 kwa mwezi. Akipata saa 40 za kazi ya kulipwa kwa mwezi, kila saa ina gharama ya dola 0.75 kabla yeye hajapata kitu. Sasa aongeze ujira wake. Kama kibarua cha kutwa cha saa 8 kinalipa dola 4, saa yake ni dola 0.50. Hivyo saa moja ya studio ni dola 1.25.

Wimbo wa kawaida ukimchukua saa 2 za kuchukua sauti, 1 ya kuchagua, 3 za kusafisha na kuchanganya na 1 ya masahihisho, hizo ni saa 7, yaani dola 8.75. Akitoza dola 3 ili asimpoteze mteja, hajafikia hata gharama ya vifaa na nishati, ambayo kwa saa 7 ni dola 5.25. Amemlipia mteja dola 2.25 kutoka mfukoni mwake, na ujira wake umekuwa sifuri.

Kila mmoja aweke tarakimu zake. Mwenye studio Salamabila, penye dhahabu, hawezi kutumia kipimo cha kibarua cha Kasongo mjini. Na kwa kuwa vifaa hununuliwa kwa dola huku wateja wengi wakilipa kwa franka, ni vizuri kukubaliana mapema bei itabadilishwa kwa kiwango cha siku ipi.

Je, mwanagenzi apunguze kiasi gani? Apunguze ujira wake tu. Betri haijui kwamba mwenyewe bado anajifunza, inaisha sawasawa. Akishakuwa hodari, ujira wake unaweza kupanda hadi dola 1 kwa saa, na wimbo uleule utakuwa dola 12.25. Kanuni ya pili inahusu masahihisho. Kosa la studio, kama mlio wa jenereta au mvua juu ya bati, halilipwi na mwimbaji. Mwimbaji akibadilisha ubeti baada ya kazi kwisha, hizo ni saa mpya.

Kwa upande wetu wa lugha, kazi ina madai yake. A. E. Meeussen alichapisha mchoro wa sarufi ya Kibangubangu mwaka 1954, na tunautumia hadi leo. Lakini kitabu hakitupi pumzi ya msimulizi wala mwendo wa toni zake katika hadithi ndefu. Ili toni zipimike, sauti lazima iwe safi na ihifadhiwe bila kubanwa. Kwa kiwango cha kHz 48 na biti 24, mkondo mmoja wa sauti unachukua takriban megabaiti 520 kwa saa, na lazima pawe na nakala ya pili kwenye diski nyingine. Programu kama Audacity na ELAN ni za bure, ila saa za mtu anayezitumia si za bure. Hadithi ya nusu saa ikidai saa 3 za studio, ni dola 3.75. Unukuzi uhesabiwe kando kabisa, maana saa moja ya sauti inaweza kudai makumi ya saa za kuandika.

Msimulizi naye asisahauliwe. Muda wake ni fungu tofauti na la studio, na malipo hayamnyang'anyi hadithi yake. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi na haki jirani, ambamo waimbaji na waigizaji wamo. Kulipwa kwa kurekodi hakumfanyi mwenye studio kuwa mwenye wimbo. Karatasi moja inatosha: kazi zilizotajwa, saa, bei, idadi ya masahihisho, nani anabaki na faili, na nani anaruhusiwa kulitumia.

Harusi, makanisa na matangazo vitaendelea kulipa. Wazee wanaosimulia kwa Kizimba au Kibangubangu hawana tangazo la kuuza. Ikiwa sisi tunaowahitaji hatulipi, mikro itaelekezwa kwa anayelipa, na hakuna wa kumlaumu kijana yule. Kwa hiyo pendekezo langu kwa kitivo ni dogo: kila mpango wa tasnifu yenye kazi ya uwandani uwe na mistari miwili ya bajeti, mmoja wa msimulizi na mmoja wa studio, na kila mmoja uandikwe kwa saa.