Mboji ya Kutagia Samaki wa Madimbwi

Nothobranchius ni samaki wadogo wa madimbwi ya msimu. Kwenye mbuga za udongo mweusi za Tanzania ya kati, ukiwemo mkoa wa Singida, madimbwi hayo hujaa mvua zinapoanza Novemba au Desemba na kukauka kiangazi. Wazazi hufa, mayai yakabaki ardhini yakisubiri mvua nyingine. N. neumanni ilielezwa kisayansi mwaka 1905, N. itigiensis, yenye jina la Itigi, mwaka 2020. Madume yao yana rangi kali, ndiyo maana hufugwa kama samaki wa mapambo.

Porini samaki hawa hutaga kwenye tope la mfinyanzi, si kwenye mboji ya kinamasi. Ndani ya tangi la kioo, hata hivyo, mfinyanzi huchafua maji na kuficha mayai, ambayo kila moja lina upana wa takriban milimita 1. Mboji ni laini, huchujwa kwa urahisi, na tindikali yake hupunguza ukungu.

Inayofaa ni ile iliyotokana na mimea ya sifagnamu, bila mbolea wala chokaa. Mboji nyingi za bustani zimetiwa vyote viwili, kwa hiyo maandishi ya mfuko yasomwe kabla ya bei. Unga wa makumbi ya nazi unaweza kushika nafasi yake, ila huwa na chumvi na lazima uloweshwe na kusuuzwa mara kadhaa.

Kwanza mboji huchekechwa ili kuondoa vijiti na vumbi. Kisha huchemshwa mpaka izame, kwani inayoelea haitagiwi, na kusuuzwa hadi maji yabaki na rangi hafifu. Hutandazwa kwenye chombo kwa kina cha sentimita 2 au 3, kisha chombo huwekwa tangini.

Baada ya wiki moja au mbili mboji hutolewa, hukamuliwa ndani ya wavu na kuanikwa juu ya gazeti kivulini. Hapa ndipo wengi huharibu: ikibaki na maji mengi mayai huoza, ikikauka kabisa husinyaa. Kipimo kizuri ni unyevu wa tumbaku ya kiko. Hufungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye jina la spishi na tarehe, ikahifadhiwa kwenye nyuzijoto 22 hadi 26 kwa miezi kadhaa.

Macho ya kiinitete yakionekana wazi ndani ya yai, mboji humwagiwa maji ya baridi kiasi. Vifaranga wakishaondolewa, mboji hukaushwa tena na kuhifadhiwa, maana baadhi ya mayai husubiri kuloweshwa mara ya pili au ya tatu.